Bastola ndogo ya mfukoni: Nyepesi kuibeba, ngumu kuitumia

BASTOLA ndogo inayoingia katika mfuko wa suruali au mkoba wa mkononi ni moja ya silaha zinazopendwa na raia wa Marekani wanaotaka kujilinda bila kuonekana kuwa wana silaha.

Wauzaji huisifu kwa wepesi wake. Wakufunzi wa shabaha, kwa upande wao, hutahadharisha kwamba wepesi huo huo ndio unaoifanya iwe ngumu kuitumia kwa usahihi, na kwamba mtu anayeinunua akidhani amenunua usalama huwa amenunua pia wajibu mzito.

Suala hili linawagusa pia wasomaji wa Afrika Mashariki. Maelfu ya Watanzania, Wakenya na Waganda wanasoma, wanafanya kazi au wameweka makazi katika nchi hiyo, na wengi wao wanaishi katika majimbo ambako bastola huuzwa madukani mchana kweupe. Kinachoonekana dukani kuwa jambo la kawaida kinaweza kumpeleka mgeni gerezani asipojua sheria inasemaje juu yake.

Ilikotoka

Bastola ya kufichwa si jambo jipya. Katikati ya karne ya 19, fundi wa silaha Henry Deringer wa Philadelphia alijulikana kwa kutengeneza bastola fupi zenye risasi moja tu, ambazo mtu aliweza kuzificha ndani ya koti.

Ni bastola ya aina hiyo, yenye urefu usiozidi sentimita 16, ambayo John Wilkes Booth aliitumia kumpiga risasi Rais Abraham Lincoln usiku wa Aprili 14, 1865, katika ukumbi wa maonyesho wa Ford mjini Washington. Lincoln alifariki dunia asubuhi iliyofuata.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mbunifu wa silaha Mmarekani John Browning alibuni bastola ndogo zinazojipakia zenyewe, yaani zinazotupa ganda la risasi iliyotumika na kuingiza nyingine bila mtumiaji kuzikoki upya. Kiwanda cha FN nchini Ubelgiji kilianza kutengeneza moja ya bastola hizo za mfukoni mwaka 1906, na kampuni ya Colt ya Marekani ikafuata mwaka 1908.

Bastola nyingine ya Browning, ile ya mwaka 1910, iliingia katika historia kwa njia mbaya. Juni 28, 1914, mjini Sarajevo, Gavrilo Princip aliitumia kumuua Mwanamfalme Franz Ferdinand wa Austria na mkewe. Mauaji hayo yaliwasha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kufikia Novemba mwaka huo huo mapigano yalikuwa yamefika Tanga, na hadi leo jina la Kariakoo linakumbusha wapagazi wa Kiafrika waliochukuliwa kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza katika vita hivyo.

Mwaka 2008 kampuni ya Ruger ya Marekani iliingiza sokoni bastola iitwayo LCP. Ikiwa haina risasi ilikuwa na uzito wa gramu 270 hivi, mtutu wake ulikuwa na urefu wa takriban milimita 70, na ilibeba risasi sita katika magazini na moja katika chemba. Oktoba mwaka huo kampuni hiyo iliwataka wateja wazirudishe zile za mwanzo ili zifanyiwe marekebisho, kwa kuwa zingeweza kufyatuka zikidondoka. Mwaka 2018 kampuni ya SIG Sauer ilileta P365, kubwa kidogo kuliko hiyo, lakini yenye uwezo wa kubeba risasi 10 za milimita 9 katika magazini yake.

Kwa kulinganisha, bastola za kawaida za chuma zinazotumiwa na askari, kama CZ 75 iliyobuniwa Czechoslovakia, zina uzito unaokaribia kilo moja.

Kwa nini ni ngumu kulenga

Msomaji anaweza kudhani kwamba bastola ndogo ni rahisi kuitumia kuliko kubwa. Ukweli ni kinyume chake, na sababu zake ni za kifizikia.

Kwanza ni teke lake. Risasi inapotoka mbele, bastola husukumwa nyuma. Risasi ikiwa ni ile ile, bastola nyepesi hurudi nyuma kwa kasi zaidi kuliko nzito, kwa sababu haina uzito wa kuumeza msukumo huo. Mkono huruka juu, kiganja huuma, na mtumiaji asiyezoea huanza kufumba macho au kukaza misuli kabla hata risasi haijatoka. Matokeo yake risasi huenda chini ya shabaha au kando yake.

Pili ni vilengeo. Bastola ina kilengeo cha nyuma na cha mbele, na mtumiaji huvilinganisha vyote viwili na shabaha. Kadiri vinavyokaribiana, ndivyo kosa dogo la mkono linavyokuwa kubwa mbele. Ikiwa umbali kati ya vilengeo hivyo ni sentimita 10, kosa la milimita moja tu huwa kosa la sentimita 10 kwenye shabaha iliyo umbali wa mita 10. Umbali huo ukiwa sentimita 16, kosa lile lile hupungua hadi sentimita sita hivi. Aidha, vilengeo vya bastola nyingi za mfukoni ni vidogo sana, ili visinase katika nguo wakati wa kuichomoa.

Tatu ni mshiko. Mpini wa bastola hizo ni mfupi kiasi kwamba kidole kidogo cha mtu mzima, na wakati mwingine hata cha pete, hukosa mahali pa kushika. Mkono ukilegea, bastola nzima hurudi nyuma pamoja na sehemu yake ya juu badala ya sehemu hiyo kurudi peke yake. Hapo ganda hukwama na risasi inayofuata haiingii.

Nne ni kifyatulio. Watengenezaji wengi wa bastola za mfukoni huweka kifyatulio kirefu na kizito, kwa makusudi, ili isifyatuke kwa kuguswa kidogo. Hiyo ni kinga nzuri, lakini mtu anapovuta kitu kizito kwa kidole kimoja akiwa ameshika chombo chepesi, ni rahisi kukiyumbisha chombo chenyewe.

Kwa sababu hizo, wakufunzi humtaka mnunuzi aanze kujifunza kwa bastola kubwa yenye risasi zisizo na nguvu sana, kisha ahamie kwenye ile ndogo baada ya kuwa na msingi. Mazoezi ya bastola ya mfukoni hufanywa kwa umbali mfupi, mara nyingi kati ya mita tatu na saba, kwa kuwa ndio umbali ambao silaha hiyo imekusudiwa. Huwa ya vipindi vifupi vinavyorudiwa mara kwa mara, kwa maana mkono ukishachoka kwa teke, mtu huanza kujifunza makosa.

Kuibeba

Kuna kanuni nne za usalama zinazofundishwa katika viwanja vingi vya shabaha nchini Marekani, ambazo zilienezwa na mkufunzi Jeff Cooper. Kila silaha ichukuliwe kuwa ina risasi. Mdomo wa mtutu usielekezwe kamwe kwa kitu ambacho mtu hayuko tayari kukiharibu. Kidole kikae nje ya kifyatulio hadi vilengeo viwe juu ya shabaha. Na mtumiaji ahakikishe anajua shabaha yake ni nini na nyuma yake kuna nini.

Kwa anayebeba bastola mfukoni, huongezwa kanuni nyingine: bastola ikae ndani ya ala inayofunika kifyatulio chote, na mfuko huo usiwe na kitu kingine chochote. Funguo, sarafu au kalamu inaweza kuingia mahali pa kidole na kufanya kazi ya kidole.

Umuhimu wa ala ulionekana Novemba 2008, wakati Plaxico Burress, mchezaji maarufu wa soka ya Kimarekani aliyekuwa na timu ya New York Giants, alipojipiga risasi ya paja akiwa katika klabu ya usiku mjini New York. Bastola aliyokuwa ameichomeka kiunoni iliteleza ndani ya suruali, ikafyatuka.

Jeraha lilipona, lakini sheria haikumwacha. Burress hakuwa na kibali cha kubeba silaha katika jiji hilo, na kile alichokuwa amepewa Florida kilikuwa kimekwisha muda wake. Mwaka 2009 alihukumiwa kifungo cha miaka miwili.

Mkoba nao una hatari yake, kwa kuwa mwenye mkoba huuweka chini, huutundika au huuacha kitini. Desemba 30, 2014, katika duka kubwa mjini Hayden, jimbo la Idaho, mtoto wa miaka miwili aliyekuwa ameketi katika kigari cha kubebea bidhaa aliingiza mkono katika mkoba wa mama yake. Mkoba huo ulikuwa na sehemu maalumu ya kuwekea bastola, na mama huyo alikuwa na kibali halali. Bastola ilifyatuka na kumuua papo hapo, mbele ya watoto.

Hakuna sheria iliyovunjwa asubuhi ile. Alichokosa mama huyo ni kitu kimoja tu: silaha kuwa mwilini mwake, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.

Usahaulifu ni tatizo jingine linaloletwa na udogo wa silaha hizi. Mwaka 2023 maofisa wa Mamlaka ya Usalama wa Usafiri ya Marekani (TSA) walikamata silaha 6,737 katika mizigo ya mkononi ya abiria kwenye viwanja vya ndege, na zaidi ya tisa katika kila kumi zilikuwa na risasi ndani. Wengi wa wanaokamatwa hujitetea kwamba walisahau kuwa silaha imo katika begi. Utetezi huo hauwaepushi na faini, ambayo mwaka 2023 iliweza kufikia karibu dola 15,000, wala na mashtaka katika jimbo husika.

Jasho na vumbi la nguo navyo ni adui wa bastola ya mfukoni. Nyuzi ndogo za kitambaa hujikusanya katika mtutu na vilengeo, na unyevu wa mwili huleta kutu. Silaha inayobebwa kila siku huhitaji kusafishwa hata kama haijatumika, kwa kufuata mwongozo wa mtengenezaji, baada ya kuondoa magazini na kuhakikisha kwa macho kwamba chemba ni tupu. Wengi hukumbuka kuondoa magazini na kusahau risasi moja iliyobaki katika chemba, na hapo ndipo ajali hutokea.

Nyumbani, mahali pake ni katika sanduku la chuma lenye kufuli. Takwimu za serikali ya Marekani zinaonyesha kwamba mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi nchini humo, na zaidi ya nusu yao, yaani 26,328, walijiua wenyewe. Kwa hiyo mtu anayenunua bastola akimfikiria mwizi hana budi kuwafikiria pia watu wa nyumbani kwake, hasa vijana na yeyote anayepitia kipindi cha huzuni kubwa.

Sheria ya Marekani

Marekani haina sheria moja ya kubeba silaha iliyofichwa. Kila jimbo lina yake, na tofauti ni kubwa.

Mwaka 1911 jimbo la New York lilipitisha sheria inayojulikana kwa jina la Sullivan, ambayo ilimtaka mtu awe na kibali ili amiliki silaha ndogo ya kuficha. Kwa zaidi ya karne moja, mwombaji wa kibali cha kubeba silaha hadharani jimboni humo alilazimika kuonyesha kwamba ana sababu maalumu inayomtofautisha na watu wengine.

Juni 2008 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Heller, kwamba katiba inampa mtu haki ya kuwa na bastola nyumbani kwa ajili ya kujilinda. Mwaka 2013 Illinois likawa jimbo la mwisho kuruhusu kwa sheria ubebaji wa silaha iliyofichwa. Kisha Juni 23, 2022, katika kesi ya Bruen, mahakama hiyo ilifuta sharti la New York la kuonyesha sababu maalumu. Majimbo yalibaki na uwezo wa kudai vibali, mafunzo na uchunguzi wa mwombaji.

Hata hivyo, mengi yamekwenda mbali zaidi na kuondoa kibali kabisa. Vermont halijawahi kukidai. Texas liliondoa sharti hilo mwaka 2021, Florida mwaka 2023, na kufikia mwisho wa mwaka 2024 majimbo 29 yalikuwa yakiruhusu mtu mzima asiyezuiwa na sheria kubeba silaha iliyofichwa bila kibali.

Hapo ndipo penye mtego. Kinachoruhusiwa Texas si lazima kiruhusiwe New York au New Jersey, na hakuna kibali cha jimbo moja kinachokubalika katika majimbo yote. Mtu anayesafiri kwa gari anaweza kuanza safari akiwa raia mwema na kuimaliza akiwa mtuhumiwa, kwa bastola ile ile iliyo katika mfuko ule ule.

Kwa ununuzi, sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 iliweka umri wa miaka 21 kwa anayenunua bastola kwa muuzaji mwenye leseni, sharti ambalo limekuwa likipingwa mahakamani. Mnunuzi hujaza fomu, na tangu Novemba 1998 jina lake hupitishwa katika mfumo wa uchunguzi unaoendeshwa na FBI.

Wageni wajihadhari

Kwa Waafrika Mashariki walioko Marekani, kipengele muhimu zaidi ni kile kinachohusu hadhi ya uhamiaji.

Sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliyeko nchini humo kinyume cha sheria kumiliki silaha au risasi. Inamkataza vilevile, isipokuwa katika hali chache, mtu aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo, matembezi au kazi. Moja ya hali hizo chache ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo.

Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, maarufu kama kadi ya kijani, hawekwi katika kundi hilo na anaweza kununua silaha kwa masharti yanayofanana na ya raia.

Adhabu ya kukiuka katazo hilo iliongezwa mwaka 2022 kutoka kifungo kisichozidi miaka 10 hadi kisichozidi miaka 15. Zaidi ya hapo, kosa la silaha ni miongoni mwa makosa yanayoweza kumfanya mgeni afukuzwe nchini, hata akiwa na kadi ya kijani.

Maana yake ni kwamba mwanafunzi kutoka Arusha au Kisumu anayeshawishiwa na wenzake wa chuo kununua bastola, au kuwatunzia yao chumbani, anaweza kupoteza masomo na viza kwa jambo ambalo wenzake hao hulifanya bila hofu. Katika jimbo lisilodai kibali, yeye bado amefungwa na sheria ya shirikisho.

Tofauti na nyumbani

Anayerejea nyumbani hukuta mazingira tofauti kabisa. Nchini Tanzania, umiliki wa silaha unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Silaha haimilikiwi bila leseni, na raia analazimika kuiomba kwa kupitia mamlaka zinazomjua mahali anapoishi pamoja na Jeshi la Polisi.

Nchini Kenya, Bodi ya Leseni za Silaha iliundwa baada ya marekebisho ya sheria za usalama ya mwaka 2014. Desemba 2018 serikali iliamuru kila raia mwenye leseni ahakikiwe upya, na kuweka muda wa siku 90 kwa kazi hiyo.

Kenya pia ina mfano ambao watetezi wa silaha za raia huutaja mara nyingi. Septemba 21, 2013, magaidi walipovamia jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi na kuua watu 67, miongoni mwa walioingia mapema kuokoa watu walikuwamo raia wenye bastola za leseni, wakisaidiana na polisi waliovalia kiraia. Mmoja wao, Abdul Haji, baadaye alichaguliwa kuwa seneta wa Garissa.

Tukio hilo linaonyesha mambo mawili kwa pamoja. Linaonyesha kwamba silaha ndogo mikononi mwa mtu aliyejifunza inaweza kuokoa maisha. Linaonyesha pia kwamba katika vurugu za namna hiyo ni vigumu kwa polisi kumtofautisha mwokoaji na mshambuliaji, kwa kuwa wote wamevaa kiraia na wote wameshika silaha.

Kwa hiyo anayefikiria kumiliki bastola ya mfukoni, awe Houston au Nairobi, ana maswali ya kujibu kabla ya kuulizia bei. Je, sheria inamruhusu, na inamruhusu wapi? Je, ana muda na fedha za mazoezi ya mara kwa mara? Je, itakaa wapi usiku, na nani mwingine anaweza kuifikia?

Asiye na majibu ya maswali hayo bado hajawa tayari kuibeba, hata kama bastola yenyewe haizidi gramu 300.